Kukarabati bunduki kongwe ya kuwindia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Majibu haya ni ya mtu mwenye bunduki moja ya zamani ya kuwindia, yenye leseni, anayetaka kuitunza kwa mikono yake Iringa, Njombe, Mbeya au popote huku kwetu juu. Yanahusu chuma, mbao, mihuri na historia ya silaha. Kutengeneza au kubadilisha mitambo ya kufyatulia, chemba (tundu inamokaa risasi) au mtutu wenyewe ni kazi ya fundi bunduki mwenye leseni, na humu haimo.

Mzee ametutoka, ameacha bunduki kabatini. Naanzia wapi?

Poleni kwa msiba. Unaanzia polisi, na bisibisi baadaye. Leseni ya bunduki ni ya mtu aliyeandikwa humo. Hairithiwi pamoja na shamba na ng'ombe. Silaha za raia zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwenye leseni akifariki, familia inatoa taarifa, na yule anayetaka kubaki na silaha anaomba kumilikishwa kwa jina lake. Maombi yanaanzia mtaani au kijijini, yanapanda wilayani na mkoani, kwa hiyo usitegemee yaishe wiki hiyo hiyo.

Beba cheti cha kifo, kitabu cha leseni cha marehemu, na barua ya usimamizi wa mirathi kama imeshatoka. Bunduki yenyewe iache imefungiwa nyumbani mpaka umeuliza kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, wanataka iletwe vipi. Kijana anayeingia kituoni na bunduki begani bila taarifa anajitafutia makubwa. Wakikuambia ikae kituoni wakati maombi yanaendelea, omba hati ya makabidhiano yenye namba ya silaha, na kabla ya kuitoa ifute chuma chote kwa kitambaa chenye mafuta mepesi. Miezi michache ya ghala bila mafuta inaharibu zaidi ya miaka mingi ya kuwindia.

Na kama haina karatasi yoyote?

Usiiguse, usiiuze, usiizike shambani. Serikali hutangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, kama kile cha Septemba na Oktoba 2022. Hata nje ya vipindi hivyo, mzee wa familia akiongozana na mwenyekiti wa kijiji au wakili kwenda kutoa taarifa yuko mahali pazuri kuliko anayekutwa nayo.

Ina zaidi ya miaka mia. Bado inahitaji leseni?

Ndiyo. Umri hauigeuzi silaha kuwa pambo. Hata gobore la kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu, lile wazee walilofukuzia nguruwe na nyani mahindini, ni silaha, na watu wanakamatwa nalo kila mwaka.

Nitajuaje ni bunduki gani, ya wapi na ya lini?

Hili ndilo swali tamu kuliko yote, na jibu lake limeandikwa kwenye chuma. Kabla ya lolote, fungua boliti (kile chuma chenye mkono kinachofunga nyuma ya chemba), angalia chemba kwa macho, kisha ingiza kidole kuhakikisha haina kitu. Magazini vivyo hivyo. Hakuna risasi itakayokaa chumba kimoja na meza yako ya kazi. Kisha kaa karibu na dirisha asubuhi, jua likipiga upande, uwe na kioo cha kukuzia na kipande cha chaki. Ukipaka chaki juu ya maandishi yaliyofifia na kufuta kidogo, herufi zinajitokeza nyeupe.

Jina la mtengenezaji mara nyingi liko juu ya mtutu au juu ya kizingo, yaani chuma kinachoizunguka chemba. Mfumo wa Mauser wa mwaka 1898, uliobuniwa na Paul Mauser pale Oberndorf, Ujerumani, ulitumiwa na mafundi wengi mno, wakiwemo wa London kama Rigby. Kwa hiyo neno «Mauser» kwenye chuma halitoshi kukuambia nani aliiunda bunduki nzima. Mtutu ungeweza kufungwa Suhl, Berlin au London.

Mihuri ya ukaguzi ndiyo inayosema ukweli. Ujerumani ilipitisha sheria ya kupima mitutu mwaka 1891, ikaanza kutumika 1893, na tangu hapo utaona taji dogo juu ya herufi B, U au G. Taji juu ya N maana yake mtutu ulipimwa kwa baruti ya kisasa isiyotoa moshi. Uingereza ina nyumba mbili za ukaguzi, London na Birmingham, nazo zina mataji yake. Silaha iliyotengenezwa nje ikapimwa kule ilipigwa pia maneno NOT ENGLISH MAKE. Watu wengi huniletea picha ya namba kama 172.28 chini ya mtutu wakidhani ni namba ya usajili. Hicho ni kipimo cha zamani cha Kijerumani cha upana wa tundu la mtutu. Namba ya silaha haina nukta, na kwa kawaida hurudiwa kwenye boliti na sehemu nyingine. Zikilingana zote, una bunduki iliyobaki nzima tangu kiwandani, na hilo ni jambo la kufurahia sana.

Namba hizo na mihuri hiyo haviguswi kwa msasa wala tupa. Kisheria kufuta namba ya silaha ni kosa. Na hata kama lisingekuwa kosa, ungekuwa unafuta cheti cha kuzaliwa cha kitu unachodai kukipenda.

Bunduki hizi zilifikaje huku kwetu?

Kwa mikono mingi. Wajerumani walikuja na za kijeshi na za kuwindia. Mwaka 1905 fundi wa Berlin, Otto Bock, alitoa risasi ya 9.3x62 akiwalenga hasa walowezi na wawindaji wa Afrika waliotaka bunduki ya bei nafuu ya mfumo wa Mauser inayoweza kumwangusha mnyama mkubwa. Ndiyo maana ukikuta bunduki ya Kijerumani ya kuwindia huku, 9.3 ni moja ya vitu vya kwanza kuvifikiria.

Kisha Waingereza. Mwaka 1925 Lord Delamere, yule mlowezi mkubwa wa Kenya, aliitisha mkutano wa walowezi Tukuyu, na miaka hiyohiyo Wajerumani wakaruhusiwa kurudi Tanganyika. Mashamba yakafunguliwa Iringa, Mufindi na Sao Hill. Dhahabu ya Lupa ikavuta watu Chunya wa kila taifa. Kila shamba na kila kambi ya dhahabu ilikuwa na bunduki ya kuwindia nyama na kulinda mazao. Vita ya 1939 ilipoanza Wajerumani wakawekwa kizuizini na mali zao zikabadili mikono. Silaha moja ingeweza kupita kwa mlowezi, kwa ofisa wa wanyamapori, kwa mwalimu wa misheni, ikaishia kwa babu yako aliyekuwa mwindaji mwenye leseni.

Na tusisahau kwamba nchi hii ilizijua bunduki kabla ya walowezi. Wahehe walipokishinda kikosi cha Zelewski, kamanda wa Kijerumani, pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, waliondoka na bunduki za Wajerumani. Ukitaka kuelewa uzito wa chuma ulichoshika, nenda Makumbusho ya Mkwawa Kalenga, halafu upitie Iringa Boma, kabla hujafungua skrubu hata moja.

Nataka iwe mpya kabisa, ing'ae. Kuna ubaya?

Upo, na hapa sitapepesa. Bunduki kongwe iliyopigwa grainda, ikapakwa rangi ya kupuliza na kitako kikamiminiwa vanishi ya milango imekufa. Kingo zake kali zilizochongwa kwa tupa za mkono zinakuwa za mviringo, mihuri inafifia, na mtu anayejua atakataa kuinunua hata kwa nusu bei. Kazi yetu ni kuzuia uharibifu usiendelee, kuondoa uchafu, na kurudisha kile kilichokuwepo pale tu panapohitajika. Sehemu iliyong'arishwa na kiganja cha mwindaji kwa miaka hamsini iachwe hivyo hivyo. Ukisita kati ya kufanya na kuacha, acha kwa leo.

Skrubu hazifunguki. Nifanyeje?

Usitumie bisibisi ya dukani jinsi ilivyo. Ncha yake imechongoka kama kabari, inashika juu tu ya mfereji wa skrubu, kisha inaruka na kuchana kichwa. Nunua bisibisi za bei rahisi, uzinoe kwenye jiwe mpaka ncha iwe na unene mmoja juu mpaka chini na ijaze mfereji wote, upana na kina. Mifereji ya skrubu za bunduki nzuri ni myembamba sana, wakati mwingine kama ukucha.

Dondoshea mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta mepesi, acha usiku kucha, rudia kesho yake. Ikigoma, gusa kichwa cha skrubu kwa ncha ya chuma cha kulehemea waya mpaka kipate moto, acha kipoe, jaribu tena. Mafundi wa London walizimaliza skrubu zao mifereji yote ikielekea upande mmoja na mtutu. Unaporudisha, kila skrubu irudi tundu lake na mfereji wake ulale ulivyokuwa. Ukiukaza kupita hapo umeshaharibu kitu.

Kutu nyekundu imeshika mtutu na kizingo. Niitoe na nini?

Kwanza jua aina. Kutu nyepesi ya juu hutoka kwa mafuta mepesi na stilwaya laini kabisa, unasugua taratibu kufuata urefu wa mtutu. Stilwaya za kusugulia sufuria ni nzito mno na zina sabuni, usizitumie. Vipele vigumu vya kutu unavikwangua kwa kipande cha shaba kilichonolewa, hata sarafu ya zamani ya shaba, kwa sababu shaba ni laini kuliko chuma na haiachi mikwaruzo.

Kwa kutu iliyoenea kuna njia ninayoipenda kuliko zote, nayo inahitaji uvumilivu tu. Bunduki nyingi za kuwindia za kabla ya vita ya kwanza zilipata weusi wao kwa kutu iliyodhibitiwa: fundi aliipaka chuma dawa, ikashika kutu nyekundu, akaichemsha kwenye maji, kutu ikageuka nyeusi, akaisugua, akarudia. Kanuni hiyo hiyo inafanya kazi kwako. Chuma kilichotolewa kwenye mbao, kikaoshwa mafuta yote kwa spiriti, kikachemshwa kwenye maji safi, kutu yake nyekundu hai hugeuka kuwa oksaidi nyeusi iliyotulia. Ukikitoa kinakauka chenyewe kwa joto lake. Unasugua taratibu kwa stilwaya laini, na chini yake unakuta weusi wa asili bado umeshika. Maji ya bomba yenye chumvichumvi huacha madoa, kwa hiyo kinga maji ya mvua. Masika ya Rungwe yanatoa maji mazuri mno kwa kazi hii.

Tatizo ni chombo. Mtutu wa kuwindia una urefu wa kama sentimita 60, haukai kwenye sufuria ya ubwabwa. Mfereji wa bati la paa uliozibwa pande zote mbili, uliowekwa juu ya mafiga na mkaa, unatosha. Ziba mtutu ncha zote kwa vijiti vya mbao, na usichemshe kitu chochote kilichounganishwa kwa solda bila kumwuliza fundi.

Na ndani ya mtutu?

Ndani mara nyingi utakuta weupe wa ukungu mbele ya chemba, au vishimo. Chanzo chake ni fataki za zamani (vile vidude vya kitakoni mwa risasi vinavyowasha baruti), zilizoacha chumvi ndani ya mtutu kila risasi ilipopigwa. Chumvi hiyo inanyonya unyevu wa hewa, na mafuta hayaiyeyushi. Maji moto ndiyo yanayoiyeyusha. Aliyemaliza kuwinda Usangu akapitisha kitambaa cha mafuta tu akaenda kulala, aliacha kutu ikianza kazi.

Safisha kwa fimbo kutokea nyuma, upande wa chemba, ili usiumize mdomo wa mtutu. Vitambaa mpaka vitoke safi. Vishimo havitoki, na usijaribu kuvisugua vitoke.

Kitako kimejaa mibonyeo na kimepiga weusi wa mafuta. Kinaokoka?

Karibu kila mara, ndiyo. Vitako vingi ni vya mjozi, mbao ya nchi za baridi yenye mistari ya kahawia na myeusi, na chini ya uchafu wa miaka huwa pana uzuri wa kukushangaza.

Weusi karibu na chuma ni mafuta yaliyozama kwenye mbao. Tengeneza uji mzito wa poda ya mtoto na spiriti, paka, acha ukauke, futa. Poda inatoka na rangi ya kahawia. Rudia mpaka itoke nyeupe. Sehemu iliyolainika kwa mafuta inarudi kuwa ngumu kidogo kidogo.

Mbonyeo hautolewi kwa msasa, unainuliwa kwa mvuke. Weka kitambaa cha pamba kilicholowa juu yake, gusa kwa ncha ya pasi yenye moto, sekunde chache, inua, angalia. Nyuzi za mbao zilizobanwa zinavimba na kurudi. Pasi ya umeme ni rahisi kuongoza, lakini ya mkaa inafanya vilevile ukiangalia majivu. Mkwaruzo uliokata nyuzi haurudi, na huo uache. Pengine ni alama ya tandiko la baiskeli ya babu.

Ile mistari ya kupishana kwenye kishikio, inayotengeneza vialmasi vidogo, isafishe kwa mswaki wa zamani na spiriti. Usipitishe msasa hapo hata kidogo.

Angalia kwa makini nyuma ya mkia wa chuma, pale kizingo kinapoingia kwenye shingo ya kitako. Bunduki za Mauser hupasuka hapo, kwa sababu chuma kinasukuma mbao moja kwa moja kila inapopigwa. Ukiona ufa kama unywele, usiuzibe kwa vanishi. Ufungue kidogo taratibu, ingiza gundi nyepesi ya epoksi, funga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli usiku mzima. Kisha nyuma ya mkia acha nafasi ya unene wa karatasi, ili chuma kisigonge tena mbao.

Kikikosa kabisa kipande, mninga ndio rafiki yako. Ni mbao inayotulia mno, haivimbi wala kusinyaa sana majira yakibadilika, na rangi yake inakaribiana na mjozi. Kipande cha mninga kilichopangwa nyuzi zake zifuate za kitako ni vigumu kukiona. Kwa seremala peleka kiraka au kielelezo cha karatasi, maana silaha haiachwi kwa fundi asiye na leseni.

Nipake nini mwishoni?

Mafuta ya linsidi, kwa kiganja. Tone moja, sugua mpaka kiganja kipate moto, futa yote yaliyobaki juu, acha yakauke, rudia. Iringa kiangazi tabaka moja linakauka vizuri. Mufindi au Makete wakati wa ukungu linaweza kunata siku nyingi, basi subiri au sogeza kazi ndani karibu na jiko, si juu yake. Mwisho kabisa nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini.

Tahadhari ya kweli: vitambaa vyenye linsidi vikikunjwa na kutupwa kwenye ndoo vinaweza kushika moto vyenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje mmoja mmoja mpaka vikauke, au vitumbukize kwenye maji.

Ncha ya mbele ya kitako ni ya pembe, na punje ya shabaha inaonekana ya meno ya tembo. Nibadilishe kwa ile ile?

Hapana. Pembe ya nyati na meno ya tembo ni nyara za Serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kipande kidogo kinatosha kukufikisha mahakamani. Zilizopo tayari kwenye bunduki waulize maofisa wa wanyamapori wilayani. Kwa ncha mpya tumia mpingo. Mafundi wa Ulaya walipenda mbao nyeusi kama huo, na sisi tunao nyumbani.

Naweza kuipiga baada ya kuisafisha?

Si kabla ya fundi bunduki mwenye leseni kuipima chemba, boliti na mtutu. Hili sina maelewano nalo. Mfano mmoja tu: risasi ya Kijerumani ya 8x57 ilianza na kichwa cha kipenyo cha milimita 8.08, kisha mwaka 1905 jeshi likahamia 8.20. Lakini bunduki za kuwindia ziliendelea kutengenezwa kwa kipimo cha zamani baada ya hapo. Risasi mpya inaingia kwenye chemba ya zamani bila shida yoyote, kisha inalazimishwa kupita kwenye tundu jembamba. Shinikizo linalopanda hapo linaweza kurudi usoni kwako. Kwa jicho hutaiona tofauti ya sehemu ya kumi ya milimita.

Risasi za zamani ulizozikuta kwenye mkebe wa majani ya chai ziachie polisi. Usizifungue, usizichome, usizitupe chooni.

Inashika kutu tena kila masika. Nakosea wapi?

Pengine kwenye mfuko. Ngozi na blangeti vinanyonya unyevu na kuubakiza kwenye chuma, na ngozi iliyotengenezwa kwa magadi na magome ina chumvi zake. Mfuko ni wa safari tu. Nyumbani bunduki ikae kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, lililofungwa ukutani, mdomo ukiangalia chini ili mafuta yasishuke kwenye shingo ya kitako.

Jingine ni kuitoa kwenye baridi ya Njombe ya Julai na kuiingiza chumba chenye moto. Chuma kinatoka jasho dakika hiyo hiyo. Iache ipate joto polepole, halafu ifute. Mafuta ya kula, ya nazi na ya injini yaliyokwisha kutumika yanaganda au kula chuma. Mafuta ya cherehani ni bora kuliko yote matatu. Kwa Tukuyu, ambako mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, ifute kila wiki. Vile vipakti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu na simu vitupie humo sandukuni, na uvikaushe mara kwa mara.

Itaniongezea thamani nikiimaliza?

Kwa soko la hapa, kidogo. Fanya kwa sababu unaipenda.

Mwanangu anataka kunisaidia. Inafaa?

Mpe kazi ya mbao: kusugua mafuta, kusafisha vialmasi kwa mswaki, na kuandika daftari. Daftari hilo liwe na picha za kila muhuri kabla na baada, tarehe, dawa uliyotumia, na majina ya waliomiliki bunduki kadiri wazee wanavyokumbuka. Muulize bibi mapema, akiwa na nguvu za kusimulia. Nani alinunua, kwa nani, aliwinda wapi. Chuma kiwe mikononi mwako mwenye leseni, boliti imetolewa na kufungiwa kabati jingine.